Uzi: Ugonjwa wa ngano kwa watoto (siliaki). Umeongezeka kweli au wenzetu wameanza tu kuupima? Kisa cha mpwa wangu na uji wa Newala

#1 Kijana wa Mikindani

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeupiga danadana tangu mwezi wa saba. Leo zamu ya usiku imetulia, wacha niushushe.

Kwanza mnijue: kazi yangu ni maabara, hapahapa Mtwara mjini. Si daktari. Ninachokijua ni damu: kuivuta, kuizungusha, kuitunza kwenye baridi na kuisoma. Haya mengine nimeyasaka mwenyewe kwa sababu ya mtoto mmoja.

Dada yangu ameolewa Sweden, mji wa Uppsala. Mwezi wa saba alikuja na binti yake wa miaka sita kumsalimia mama Newala. Mtoto amerithi jina la bibi yake, kwa hiyo pale nyumbani anaitwa "Somo" tu. Mama alikuwa amejiandaa haswa: ndoo ya lita kumi imejaa maandazi ya iliki, imefunikwa kanga mpya. Somo akachungulia, akauliza kwa Kiswahili chake cha kupindapinda, "Bibi, hii ngano?" Akajibiwa ndiyo. Akairudishia kanga yake vizuri, akaenda kukaa.

Mama alinuna hadi magharibi. "Mtoto hali andazi, huko kwa Wazungu mnamlisha nini?" Dada akaeleza kwamba Somo ana ugonjwa unaoitwa siliaki: akila ngano, shayiri au rai, kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo wake mwenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyuzi vinavyosimama kama manyoya ya zulia, na chakula hunyonywa hapo. Kwa mtoto mwenye siliaki, zulia linanyonyoka mpaka linabaki kama turubai. Anakula, lakini hakimjengi. Kinachochokoza ni gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike ukikandwa. Dawa ya kumeza hakuna. Ni kuacha nafaka hizo tatu maisha yote.

Kilichotushangaza ni kwamba jiko la mama lilimfaa mtoto kuliko jiko la Uppsala. Ugali wa mtama, ruksa. Muhogo, ruksa. Kisamvu cha nazi, kunde, mbaazi, samaki wa kukaanga, wali, vitumbua vya mchele, vyote ruksa. Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ndiyo ilimaliza kazi. Alikaa na watoto wa jirani, bakuli katikati, chumvi na pilipili pembeni, anamenya kama aliyezaliwa Kitangari. Mama akacheka, akasahau maandazi yake.

Siku ya nne akanywa uji wa mtama. Mtama wa shambani kwetu, umepetwa na mama mwenyewe. Haikupita saa mbili, mtoto akaanza kutapika. Tumbo likajaa likawa kama ngoma, akalala kwenye mkeka hataki hata maji. Dada hakuuliza juu ya sufuria wala maji. Aliuliza: "Kabla yenu, mashine ilisaga nini?"

Nikaenda mashineni. Mnazijua mashine zetu: mdomoni umefungwa mfuko wa kitambaa, hii yetu ni kanga kuukuu iliyokazwa kwa mpira wa baiskeli. Nikaingiza kidole kwenye mshono nikatoka na unga mweupe. Mtama wetu ni mwekundu. Kijana wa mashine akaniambia kabla ya mama alikuwepo mama mmoja wa unga wa lishe: mahindi, karanga, soya, mchele na ngano kilo mbili.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Sisi tumekua hatujawahi kulisikia jina hili, dada anasema kwao karibu kila darasa lina mtoto wa namna hii. Huu ugonjwa umetoka wapi? Upo siku zote, au umekuja juzi?

Nitaendelea, ngoja nipokee sampuli.

#2 Dogo Tandahimba

Nimeshika siti ya mbele kabisa, korosho mfukoni. Tiririka mkuu.

#3 Mama Wawili

Pole kwa mtoto. Hapo kwenye kanga ya mashine umenigusa, mimi husagisha unga wa lishe kila mwezi na ngano naweka. Sikuwahi kumfikiria anayefuata nyuma yangu.

#4 Mbishi wa Nachingwea

Ugonjwa wa Wazungu huo. Na kuongezeka hakuna, ni vipimo. Zamani nani alikuwa anapima? Ukinunua tochi utaona panya wengi, haina maana wamezaliana jana.

#5 Kijana wa Mikindani

Nimerudi. Mkuu Mbishi, hoja yako ya tochi nimeipenda na nusu yake ni kweli. Nianzie huko.

Ugonjwa si wa juzi. Mwaka 1888 daktari wa watoto wa London, Samuel Gee, aliandika kuhusu watoto wenye tumbo kubwa, kinyesi chenye mafuta, wanakonda huku wanakula. Alisema kama watapona basi ni kwa chakula, ila hakujua ni chakula gani. Mwaka 1924 Mmarekani Sidney Haas akaanza kuwalisha ndizi kwa wingi, wakapata nafuu. Ikaaminika ndizi ni dawa. Kumbe mtoto anayeshindia ndizi hali mkate! Wakirudi kwenye mkate, shida inarudi.

Aliyefumbua fumbo ni Mholanzi Willem Dicke. Alikuwa na shaka na ngano tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa ya mwisho wa vita, kipupwe cha 1944 kuingia 1945, Waholanzi wakala hadi vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wengine wanadhoofika, wale wake wa siliaki wanapata unafuu! Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake juu ya jambo hilo.

Sasa tochi. Hadi hapo ugonjwa ulitambuliwa kwa macho, na aliyeonekana ni yule aliyekwisha kuisha. Miaka ya 1950 wakaweza kuchukua kipande cha nyama ya utumbo na kukitazama kwa darubini, lakini nani atamfanyia hivyo mtoto anayecheza mpira? Kipimo cha damu ndicho kilichobadili mchezo, hasa baada ya 1997 Wajerumani walipotambua ni kitu gani mwilini kinashambuliwa. Kikatengenezwa kipimo cha kingamwili kiitwacho tTG-IgA. Tone la damu, majibu.

Wataliano walipopima wanafunzi zaidi ya 17,000 miaka ya 1990, walikuta mmoja kwa kila 184. Na kwa kila mtoto mmoja aliyekuwa anajulikana, saba walikuwa hawajulikani. Kwa hiyo ndiyo, panya walikuwepo, tochi haikuwepo. Kusini-mashariki mwa Scotland, watoto wapya waliogunduliwa kwa mwaka waliongezeka zaidi ya mara 6 kati ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mwishoni mwa miaka ya 2000. Sehemu kubwa ya hiyo nakuachia wewe na tochi yako.

Lakini sasa nisikilize kama mtu wa damu. Huko Wyoming, Marekani, kwenye kambi ya jeshi la anga ya Warren, vijana wa jeshi walitolewa damu kati ya 1948 na 1954. Sampuli zaidi ya 9,000 zikagandishwa, zikasahauliwa. Miaka 50 baadaye watafiti wakaziyeyusha wakazipima kwa kipimo kilekile wanachowapimia watu wa leo. Wale wa zamani: 0.2%. Vijana wa sasa wa umri wao: 0.9%. Tochi moja, chumba cha jana na chumba cha leo. Panya wameongezeka zaidi ya mara nne.

Nilisoma hiyo nikasimama kwenye kiti. Sisi huku jokofu likikatika umeme usiku mmoja tunalia.

#6 Mbishi wa Nachingwea

Hapo kwenye damu ya barafu umenipata kidogo. Ila hao ni wanaume wa jeshi, kichwa cha uzi umeandika watoto. Usituhamishe goli.

#7 Mzee wa Mbaazi

Hahaha, Mbishi hana baya. Mleta uzi jibu hilo.

#8 Kijana wa Mikindani

Haki yake. Watoto basi.

Italia wamerudia kupima wanafunzi. Mwaka 2015 na 2016, watoto wa Verona na Ancona walifikia karibu 1.6%, wakati ile mmoja kwa 184 ni kama 0.5%. Ila kama mtu wa maabara lazima niseme: kipimo cha kwanza cha enzi zile kilikuwa na matundu, waliponyoka baadhi. Kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba wameongezeka mara tatu. Wameongezeka, basi. Kwao jambo limekuwa kubwa kiasi kwamba 2023 bunge lilipitisha sheria ya kupima watoto nchi nzima siliaki na kisukari aina ya kwanza, magonjwa mawili yanayopenda kutembea pamoja.

Sweden kwa dada yangu ndiko kuna kisa chenyewe. Miaka ya katikati ya 1980, watoto wa chini ya miaka miwili wanaogunduliwa na siliaki wakapanda ghafla mara nne, wakafika 200 na zaidi kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Ikawa hivyo miaka kumi. Kisha kuanzia 1995 idadi ikaporomoka hadi 50 au 60. Mlima na bonde lake, ndani ya nchi moja, watu walewale. Tochi haipandi na kushuka namna hiyo.

Wakachimba. Ikaonekana 1982 wazazi walishauriwa wachelewe kumpa mtoto ngano mpaka miezi sita, na wakati huohuo uji wao wa chupa ulikuwa umeongezewa unga wa ngano. Kwa hiyo mtoto anaachishwa ziwa, na siku hiyohiyo anamwagiwa ngano kwa ndoo. Ushauri ukabadilishwa 1996: kidogokidogo kuanzia mwezi wa nne, huku ananyonya.

Wakawafuata watoto hao hadi darasa la sita, miaka 12, wakawapima damu maelfu yao. Waliozaliwa 1993, kileleni: 2.9%. Waliozaliwa 1997, baada ya mabadiliko: 2.2%. Yaani kwa wale wa 1993, darasa la watoto 35, mmoja. Dada hakutia chumvi. Na katika wale wa 1993, wawili kati ya kila watatu walikuwa hawajijui mpaka siku sindano ilipoingia.

#9 Mama Wawili

Kwa hiyo nikimwanzishia mwanangu ngano mapema nikiwa bado namnyonyesha nitamkinga? Wa pili ana miezi minne.

#10 Kijana wa Mikindani

Hapana dada yangu, na hapa ndipo wataalamu wenyewe walipopigwa chenga. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya majaribio mawili makubwa, moja la nchi kadhaa za Ulaya na moja la Italia. Waliwachukua watoto wenye jeni za hatari, wengine wakaanzishiwa gluteni mapema, wengine wakacheleweshwa. Mwishowe walioumwa wakawa sawasawa. Ziwa nalo halikuzuia siliaki. Kwa hiyo mlima wa Sweden upo, lakini maelezo rahisi ya tarehe ya kuanzia yamevuja. Baadaye utafiti mwingine uliowahusisha Wasweden na Wamarekani ukaonyesha kwamba kiasi kina maana: mtoto mwenye jeni hizo anayelishwa gluteni nyingi zaidi kwenye miaka mitano ya mwanzo ana hatari kubwa zaidi.

Wewe mnyonyeshe ziwa tupu mpaka miezi sita kama walivyokuambia kliniki. Ziwa lina kazi nyingine mia.

#11 Bi Mkunga (Lindi)

Wanangu hamjambo. Mimi ni nesi mstaafu, nimekaa wodi ya watoto miaka mingi, hospitali siitaji.

Nimesoma huu uzi nikakumbuka vitanda vya dirishani. Mtoto tumbo kubwa, matako yamesinyaa ngozi inaning'inia kama suruali ya kaka yake, amenuna, hataki kushikwa. Kwenye faili tunaandika utapiamlo, anapewa dawa ya minyoo, maziwa, anapata kilo, anarudi kwao. Wengi hawarudi tena, na hao kweli ilikuwa njaa, minyoo au kuhara. Lakini walikuwepo wachache wa kurudi. Mara tatu, mara nne. Mama anasemwa kwenye korido: "Huyu hamlishi mtoto, anauza uji." Kuna mmoja wa Kilwa nilimsema mimi mwenyewe kwa mdomo wangu huu. Alikuja na mtoto mgongoni na mkate wa boflo kwenye kikapu, ndicho kitu pekee alichoona ni cha heshima kumnunulia mgonjwa.

Sisemi mtoto wake alikuwa na ugonjwa huu. Nasema hatukuwahi kuuliza anakula nini akiwa nyumbani, tuliuliza anakula mara ngapi.

#12 Kijana wa Mikindani

Bi Mkunga shikamoo mama. Maneno yako nimeyasoma mara mbili.

#13 Bi Mkunga (Lindi)

Marahaba mwanangu. Endelea, nipo nakunywa chai na muhogo.

#14 Mbishi wa Nachingwea

Shikamoo Bi Mkunga. Bado sijajibiwa la Wazungu. Huyo shemeji yako ni Mswidi, damu ya mtoto ni ya kwao.

#15 Kijana wa Mikindani

Ni kweli upande wa baba ndiko ulikotokea. Mtoto alipogunduliwa walipima familia, kwa sababu ndugu wa karibu, mzazi au wa tumbo moja, takriban mmoja kati ya kumi huwa nao. Dada safi. Shemeji, pande la mtu, anakimbia kilomita 10 kila Jumamosi, hajawahi kulalamika tumbo: anao. Alikula mikate yake miaka 38 bila habari.

Lakini dunia nzima, kundi lenye watoto wengi wa siliaki kuliko yote yaliyowahi kupimwa ni la Waafrika. Wasaharawi, wale wakimbizi wa Sahara Magharibi walioko kambini Tindouf, Algeria. Mwaka 1999 yalichapishwa majibu ya watoto 990: 5.6%. Mara tano ya Ulaya! Hawa kwa asili ni watu wa maziwa ya ngamia, nyama na tende. Ukoloni ukaleta ngano, kisha msaada wa chakula ukaleta ngano zaidi, na jeni za hatari wanazo kwa wingi.

Hizo jeni ni HLA-DQ2 na DQ8. Bila mojawapo, siliaki karibu haiwezekani. Ukiwa nayo bado si hukumu: Ulaya theluthi moja ya watu wanazo na wanaougua ni wachache sana kati yao. Jeni ni kuni, ngano ni kiberiti. Kisha kuna upepo ambao bado wanautafuta. Angalia Wafini na jirani zao wa Karelia upande wa Urusi: jeni zinakaribiana, ngano wanakula wote. Watoto wa shule Finland, mmoja kwa 107. Karelia, mmoja kwa 496. Tofauti kubwa ni maisha. Karelia kulikuwa na umaskini zaidi na vijidudu zaidi. Wapo wanaosema kinga isiyokuwa na kazi ya maana utotoni hujitafutia ugomvi. Wengine wanavitazama virusi vya tumbo. Mimi naona yote mawili yana nafasi.

#16 Mzee wa Mbaazi

Mimi nilisikia ni hizi ngano za kisasa za GMO. Za zamani hazikuwa na shida.

#17 Kijana wa Mikindani

Mzee wangu, mlima wa Sweden ulianza miaka ya 80 na wakati ule ngano ya GMO haikuwepo sokoni popote. Na Wamarekani walipopitia takwimu za ngano yao za karne nzima iliyopita hawakuona ushahidi wa wazi kwamba gluteni imepanda. Kilichopanda ni mdomo wetu.

#18 Dogo Tandahimba

Sasa huku kwetu ikoje? Maana mimi naona watoto wa Tandahimba asubuhi ni maandazi, mchana maandazi, sikukuu chapati.

#19 Kijana wa Mikindani

Kwa ujumla wa dunia, walipojumlisha tafiti mwaka 2018, waliothibitishwa kwa kipande cha utumbo walikuwa 0.7%, na watoto 0.9% dhidi ya 0.5% ya watu wazima. Afrika iliandikwa 0.5%, ila usidanganyike na jina Afrika hapo, damu nyingi ni ya kaskazini: Misri, Tunisia, Libya, Algeria. Watu wa mtama na muhogo karibu hawakupimwa.

Kwangu mimi mfano wa kutufaa ni India. Kaskazini watu wazima wanakula ngano zaidi ya gramu 400 kwa siku, na siliaki ni 1.2%. Kusini wanakula wali, ngano gramu 25 tu, siliaki 0.1%. Nchi moja, na jeni za hatari kusini wanazo pia. Lindi na Mtwara ya bibi zetu ilikuwa kusini ya India: mtama, muhogo, mpunga wa mabondeni, ngano ni ya Idi na harusi.

Mimi msimamo wangu huu, anayetaka kuupinga aupinge: kwetu ugonjwa ni mchache kweli, si tochi tu. Mababu hawakuuficha, hawakuwa na kiberiti. Lakini anachokisema Dogo ndicho ninachokiona kila asubuhi nikitoka zamu. Pale karibu na stendi wauza maandazi ni wengi kuliko wauza mihogo ya kuchoma. Unga wa lishe unawekewa ngano ili uji uwe laini na mweupe, mtoto wa miezi sita anaanza nayo. Kiberiti kimeingia ndani, na tochi bado hatuna: hapa kwetu sampuli ya tTG nimewahi kuipokea mara mbili tangu nianze kazi, zote zikapakiwa kwenye kisanduku cha barafu kwenda Dar.

#20 Mama Wawili

Jamani nina swali, msinicheke. Mkubwa wangu ana miaka mitatu, tumbo kubwa, anaharisha siku mbili anaacha, damu yake iko chini kila kliniki. Nimeamua kuanzia leo ngano marufuku.

#21 Bi Mkunga (Lindi)

Hakuna wa kukucheka mwanangu. Usiache kwanza. Mpeleke aonwe, apimwe kinyesi, minyoo na yule mdudu giardia, apimwe siko seli, TB, HIV, waangalie anavyokua kwenye kadi tangu amezaliwa. Huku kwetu tumbo kubwa kwa mtoto lina njia nyingi kabla ya kufika kwenye ngano.

#22 Kijana wa Mikindani

Naongezea la kimaabara. Ukimwachisha ngano, kingamwili zinashuka, halafu akipimwa kipimo kinasema hana ugonjwa kumbe anao. Kwa hiyo kama daktari ataona kuna haja ya tTG, mtoto awe bado anakula kama kawaida. Na waambie wapime IgA yote (jumla ya kingamwili za aina hiyo) kwa pamoja, maana kuna watoto ambao mwili hautengenezi IgA ya kutosha, kipimo kinatoka safi kwa uongo. Ikitoka juu sana, mara kumi ya kikomo, na kipimo cha pili kikakubaliana, wataalamu wa watoto wa Ulaya siku hizi wanakubali kuishia hapo bila kumpitisha mpira wenye kamera.

Dalili nyingine ambazo hazifanani na tumbo: kimo kisichopanda, damu isiyopanda hata akimeza vidonge vya madini ya chuma, meno yenye madoa na mashimo kwenye gamba lake.

#23 Mama Wawili

Asanteni sana. Nampeleka Jumatatu, na kadi yake nitaibeba, ilikuwa chini ya godoro.

#24 Mbishi wa Nachingwea

Sawa, nimekubali kwa asilimia 70. Zile 30 nabaki nazo, lazima mtu awe na akiba. Mtoto Somo aliishiaje?

#25 Kijana wa Mikindani

Alilala siku nzima, kesho yake akaamka anadai ming'oko. Mama hajarudi mashineni. Amefufua kinu kilichokuwa kinalaliwa na kuku tangu marehemu mzee yupo, anatwanga mwenyewe na kuchekecha. Dada amerudi Uppsala na kilo nne za unga huo kwenye begi, nguo akaziacha.

Tatizo ni kwamba wanarudi mwezi wa sita na mama miaka 71 si ya kutwanga kila siku. Nimeongea na kijana wa mashine.

#26 Dogo Tandahimba

Amesemaje? Kaka yangu ana mashine huku, inawezekana. Asubuhi kabla ya mteja yeyote anafungua kinu cha ndani, anapiga brashi, anabadilisha kanga ya mdomoni anaweka mpya, halafu anapitisha kilo mbili tatu za mtama wa kusafishia. Zinazofuata ndizo zako.

#27 Kijana wa Mikindani

Hivyohivyo tulivyokubaliana, na kanga ya Somo nitaiandika jina isitumike kwa mwingine. Tumekwama sehemu moja tu: zile kilo za kusafishia. Yeye anasema ni mtama wangu, nilipie kusaga. Mimi nasema ni ngano yake, alipie mtama.

#28 Mzee wa Mbaazi

Wapelekee kuku, mmalize.